Gunia la chai lina jina, kibuyu je?

Chai ya Kericho haiteremki Mombasa bila jina. Kabla ya shehena kuingia kwenye mnada wa kila wiki, karatasi yake imeshaandikwa: kiwanda ilikotoka, daraja la majani, nambari yake, idadi ya magunia na uzito. Momul ni Momul, Litein ni Litein, na chai ya Mogogosiek haiuzwi kwa jina la Kapkoros hata kama zote ni za Bomet. Muonjaji anayesukutua chai za madaraja ya BP1 na PF1 kutwa nzima anajua ni nani wa kumsifu na nani wa kumlaumu kabla hajatema. Utaratibu huu haukuletwa na mapenzi ya utamaduni. Ulizaliwa na biashara, kwa sababu majani yasiyojulikana yalikotoka hununuliwa kwa bei ya kutupa. Sasa toka kiwandani, nenda hadi kwenye meza ya vitu vya jadi katika mji wowote kati ya Kericho na Bomet. Kibuyu cha maziwa ya mursik kilichovalishwa ukanda wa ngozi na kushonewa shanga na kauri, bangili ya shaba, mkufu, mkanda wa mwanamke: vyote vimelala pale bila jina la fundi, bila jina la kijiji, bila neno lolote juu ya nani huvivaa na lini. Muuzaji akiulizwa atajibu, "Ni vya kitamaduni." Hoja yangu ni kwamba jibu hilo linaiua sanaa hii upesi kuliko plastiki, kuliko mahubiri, kuliko vijana wanaolaumiwa kila siku kwa kusahau. Na dawa yake wakulima wa chai wanayo tayari, ila hawajawahi kuitumia nje ya chai.

Mazungumzo ya vito vya jadi katika Afrika Mashariki huanzia pwani, na huanza na fedha. Ni haki yake. Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa na masonara waliofua vikuku, kekee, furungu za miguuni, vipuli na vikasha vya hirizi, na malighafi yao mara nyingi ilikuwa sarafu. Riale ya Maria Theresa, iliyoendelea kubeba mwaka 1780 hata ilipochapwa miaka 100 na zaidi baadaye, iliyeyushwa ikageuka pambo. Lamu inajulikana hadi leo kwa pete za fedha zilizopachikwa kigae cha kaure, kipande cha sahani ya Kichina iliyovunjika kikikaa pale ambapo tajiri wa kwingine angeweka yakuti. Kiswahili chenyewe hakijitaabishi kutofautisha: fedha ni madini na fedha ni pesa. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba thamani ya pambo imo ndani ya madini yake, na kwamba watu wa bara waliovaa nyasi, ngozi na waya walikuwa na vito vya daraja la pili. Lakini itazame pete ya fedha kwenye kidole cha mzee Mwislamu wa Lamu. Kwa nini ni ya fedha? Haina maana kwamba mzee alikosa uwezo wa kununua dhahabu. Dini yake imemharamishia mwanamume dhahabu na kumruhusu mkewe. Pete ile inatamka jambo juu ya mvaaji kwa kuwa yapo mapambo anayoruhusiwa na yapo asiyoruhusiwa. Ondoa ruhusa hiyo na kinachobaki ni chuma cheupe kinachong'aa.

Ukishakubali hilo, Kericho na Bomet zinaacha kuwa pembezoni mwa habari ya vito. Nchi hii ya Wakipsigis haikuwa na sonara wa fedha. Ilikuwa na wahunzi wa chuma, waya na shanga zilizopanda na misafara kutoka pwani, ngozi za mifugo, vibuyu na mimea. (Fedha iliyowahi kuingia huku kwa heshima kubwa kuliko zote ni ya Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akatwaa ya fedha katika mita 800 nchini Mexico mwaka 1968. Sijasikia mtu akiuliza medali ile ina gramu ngapi.) Pambo zito kuliko yote katika maisha ya Mkipsigis lilikuwa jepesi kupindukia. Linaitwa segutiet. Ni nyasi ngumu za nyanda za juu zinazoota kwa mafungu, nyasi ambazo ng'ombe huzipita akatafuta laini, na ndizo zile zile wanawake wanazosukia vikapu. Katika ndoa ya jadi, bwana na bibi harusi hufungana nyasi hizo kwenye kifundo cha mkono, huyu akimfunga yule na yule akimfunga huyu, mbele ya mabwaita, madhabahu ya familia iliyosimikwa kwa fito na matawi nje ya nyumba. Hakuna mng'aro wowote pale. Nyasi zile zikidondoka njiani hakuna atakayeinama kuziokota. Ila mkono uliokwisha kufungwa segutiet haukuwa tena mkono wa jana yake, na ndoa iliyofungwa hivyo haikuvunjwa kwa ugomvi wa jioni moja. Kwa kipimo cha sonara, pambo hilo ni bure. Kwa kipimo cha maana, sijui pete gani ya dukani inayolifikia.

Kanuni hiyo haikomei kwenye nyasi. Vuka Mulot uingie upande wa Narok, utaikuta imeandikwa kwa shaba: surutia ya Wamaasai, waya uliozungushwa mfano wa gamba la konokono, ni pambo la mama na linahusiana na kutahiriwa kwa watoto wake, kwa hiyo binti hawezi kuingia dukani akajinunulia umama. Panda kaskazini hadi kwa Wapokot, ndugu wa Wakipsigis katika jamii kubwa ya Wakalenjin, utaikuta kwenye ngozi. Leketyo ni mkanda wa mama uliopambwa kwa kauri na shanga, na mama huufunga kiunoni kumkinga mwanawe aliye mbali hatarini. Imani hiyo ina nguvu kiasi kwamba wanaohubiri amani huko wamewaomba akina mama wasiifunge mikanda hiyo kwa ajili ya wana wanaokwenda kuiba mifugo. Fundi mwenye kipaji anaweza kushona mkanda unaofanana na ule kauri kwa kauri, akamvalisha msichana wa maonyesho ya mavazi jijini Nairobi, na mkanda huo usimkinge mtu yeyote. Tofauti haionekani kwa macho. Imo kwa aliyevaa. Vivyo hivyo, mwaka 2006 fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi mwaka 1905, zilirejeshwa kutoka Uingereza baada ya karne nzima, na watu waliokwenda kuzipokea hawakwenda kutazama aina ya mti.

Kwa sababu hiyo ile orodha ya rangi wanayosomewa watalii inanichosha. Nyekundu ni damu na ushujaa, buluu ni mbingu, nyeupe ni maziwa, kijani ni malisho. Orodha hiyo hiyo imebandikwa kwenye shanga za Wamaasai, za Wasamburu, za Waturkana, na sasa za Wakipsigis, kana kwamba bibi wa Longisa na bibi wa Maralal walikaa dawati moja. Sisemi rangi hazina maana. Nasema haziwezi kubeba maana peke yake. Shanga za kioo zililetwa na wafanyabiashara, na mwanamke alishona kwa zile zilizokuwa dukani mwaka huo. Mfumo wa ishara ambao ungevurugika kila mwenye duka alipoishiwa na buluu usingedumu vizazi viwili. Uliodumu ni ule wa nani avae, avae upande gani wa mwili, alipewa na nani, na aliuvua siku gani. Hayo hayaingii kwenye orodha ya mistari minne, kwa hiyo yanaachwa, na mahali pake panajazwa hadithi ya kuazima. Hata hivyo nisimlaumu muuzaji kupita kiasi. Mteja anataka kisa cha kwenda nacho nyumbani, na kitu kisicho na jina hakina kisa chake chenyewe.

Chukua kibuyu, sotet, ambacho kila Mkenya amekiona kwenye runinga wanariadha wakipokewa uwanja wa ndege. Cha kazi halisi hutambulika kabla hujakishika. Ndani kimesuguliwa kwa brashi ndefu ya nyuzi na kupakwa mkaa uliosagwa, mara nyingi wa senetwet, kichaka chenye maua ya manjano. Maziwa yakilala humo siku kadhaa hutoka na madoa ya kijivu yanayokaribia ubuluu, na hata kibuyu kikibaki kitupu mwaka mzima hunukia moshi. Nje kina ukanda wa ngozi uliolainishwa na mikono. Kauri zilizoshonewa hapo zimekatwa mgongo ili zilale bapa, mpasuo wake ukitazama nje, na kila moja imesafiri zaidi ya kilomita 700 kutoka Bahari ya Hindi kuja kukaa juu ya maziwa ya Bomet. Kikipata ufa hakitupwi. Hutobolewa matundu pande mbili za ufa, kikashonwa, na mshono ukafunikwa kwa shanga, hivi kwamba sehemu iliyopambwa zaidi ya kibuyu kizee huenda ikawa ndiyo iliyoumia. Sasa kilinganishe na kibuyu cha mezani sokoni: kimepakwa vanishi, kimebandikwa shanga kwa gundi, hakijawahi kuona tone la maziwa. Sina ugomvi nacho. Ni pambo la sebuleni na wapo wanaolihitaji. Ugomvi wangu ni kwamba vyote viwili vinaitwa kitu kimoja na vinalaliwa bei moja, kama vile kiwanda kingechanganya chai ya daraja la kwanza na makapi kisha kikaandika kwenye gunia: "Majani."

Gharama ya kutokuwa na jina inaonekana vizuri zaidi ukitazama makumbusho ya ng'ambo. Mradi ulioshirikisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wasanii na wataalamu wa Ujerumani umeorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vilivyotoka Kenya na kuwekwa katika taasisi 30 za nje. Kumbukumbu za zamani za makumbusho kwa kawaida humtaja mkusanyaji na kabila. Aliyefua au aliyeshona hatajwi. Na hata kabila lenyewe wakati mwingine limeandikwa kwa jina ambalo wenyewe hawalitumii. Wakipsigis waliitwa Lumbwa na wakoloni, kama ilivyoitwa stesheni ya reli ambayo leo ni Kipkelion. Mwanafunzi wa Bomet anayetafuta bangili za nyanya zake kwa neno "Kipsigis" anaweza kuzikosa zikiwa mbele yake, zimelala chini ya "Lumbwa". Tumezoea kulalamika kwamba wazungu walichukua vitu bila kuandika majina ya mafundi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini bangili inayouzwa wiki hii barabarani Kericho inaondoka na habari pungufu kuliko ile ya makumbusho iliyochukuliwa, tuseme, mwaka 1910, kwa maana ile ya 1910 angalau ina tarehe.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kwa makusudi nimekifanya kidogo. Kila pambo linalouzwa kwa jina la Wakipsigis liwe na karatasi yake, kama gunia la chai: nani amelitengeneza, wapi, kwa vifaa gani, ni la matumizi au la kutazama, na kama ni nakala ya pambo lenye ruhusa, nani huvaa lile la asili na katika hatua gani ya maisha. Nyuma ya karatasi hizo pawe na daftari la kaunti ambalo zinatoka. Sheria ya kufanya hivyo haihitaji kutungwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Vielelezo vya Kitamaduni ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi mali ya aina hii, na kumtaka anayetaka kuitumia kibiashara apate kwanza idhini ya wenyewe. Wakenya wanakumbuka vuta nikuvute ya kikoi, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara na watetezi wa Kenya wakapinga mpaka ombi likaachwa. Kisa kile kiliisha vizuri kwa sababu kikoi kilikuwa na jina ambalo kila mtu aliweza kulithibitisha. Jaribu kutetea mkanda ambao hata muuzaji wake anauita "kitu cha kitamaduni". Jirani hapo Kisii, wachongaji wa Tabaka wamelifanya jiwe lao lijulikane dunia nzima kwa jina la Kisii, ingawa jina la mchongaji mwenyewe bado hupotea njiani, na hapo ndipo Kericho na Bomet zingeweza kuwapita.

Wapo watakaosema nabishania mali ya kuazima. Shanga ni za Venisi na za Bohemia, siku hizi ni za China. Kauri ni za baharini. Waya wa shaba ni wa wafanyabiashara. Utamaduni wa Kipsigis uko wapi hapo? Swali hili huulizwa kwa ujanja, na wakazi wa nchi ya chai wangepaswa kuwa wa mwisho kulibabaikia. Mche wa chai nao ulitoka India na kupandwa Limuru mwaka 1903 kabla makampuni hayajaleta mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, na leo hakuna mnunuzi mwenye akili zake anayesema chai ya Kericho ni ya Assam. Sonara wa Lamu naye alifua riale yenye sura ya malkia wa Austria, na kekee iliyotoka mkononi mwake haikuwa ya Kiaustria hata kidogo. Malighafi husafiri. Kanuni ya nani avae nini ndiyo hutungwa nyumbani, na ndiyo ninayoitaka iandikwe.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waumini na kwa wanaotetea wasichana. Misheni zilizoingia nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwataka waongofu wavue mapambo pamoja na mambo mengine ya jadi, na si kila kilichovuliwa kinastahili kurudi. Baadhi ya mapambo yalikuwa ya sherehe za kuwakeketa wasichana, jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelipiga marufuku, na inafaa. Kuyaandika mapambo hayo kwenye daftari la serikali si kuyapamba maovu? Naona ni kinyume chake. Leo pambo la sherehe hizo laweza kuuzwa bila mtu kujua, akalivaa mgeni kwenye harusi, akapigiwa makofi. Karatasi inayosema wazi, "Pambo hili lilivaliwa na wasichana waliokeketwa, desturi hiyo imekatazwa," inafanya kazi ambayo ukimya hauwezi. Kuandika si kufufua. Mganga anayeandika dalili za ugonjwa hajautamani. Na kwa kanisa, itoshe kusema kwamba wanandoa wengi hupitia koito, sherehe ya jadi ya uchumba, nyumbani, vibuyu vikiwa mbele ya wazee, kisha wakavalishana pete madhabahuni, na sijaona anayedhani amefunga ndoa mara mbili.

Kuna pia hofu ya mafundi wenyewe, nayo naiheshimu kuliko zote. Mama anayeshona shanga ili alipe karo hataki afisa wa kaunti aje kumwambia kwamba rangi aliyotumia si halali. Angekuwa na haki ya kumfukuza. Utamaduni uliogandishwa kwenye daftari huwa kama mursik iliyosahauliwa: kibuyu kizima, ndani hakinyweki. Ila karatasi ya chai haijawahi kumkataza mkulima kupanda aina mpya. Inamtaka tu aseme amepanda nini. Akitokea kijana wa Litein anayetaka kufua kibuyu kidogo cha fedha cha kuning'iniza shingoni, na afue. Aandike: kidani kipya, kimebuniwa na fulani, kwa mfano wa sotet, yeyote anaweza kukivaa. Huo ni ukweli, na ukweli huo unamjengea jina yeye badala ya kujificha nyuma ya mababu. Kinachohitaji ulinzi ni vile vichache vyenye ruhusa, na juu ya hivyo wenye kauli ni wazee na akina kogo, yaani nyanya, wa jamii. Afisa wa kaunti ashike kalamu tu. Kama yapo ambayo akina kogo hawataki yaandikwe kabisa, basi daftari liache ukurasa mtupu na kusema kwamba umeachwa kwa ombi lao.

Wa mwisho kuzungumza watakuwa wale wanaoniona napiga soga. Watu wa Kericho na Bomet wanadai ardhi iliyochukuliwa na mashamba ya chai enzi za ukoloni. Familia za ukoo wa Talai bado zinasimulia kuhamishiwa Gwassi kwa nguvu kuanzia mwaka 1934. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho kwa sababu zinachukua kazi ya mikono. Katikati ya hayo, nani ana muda wa bangili? Jibu langu linatoka kwenye mashine zenyewe. Anayekunywa chai mjini Cairo au Karachi haoni kwenye kikombe kama majani yalichumwa kwa vidole au kwa chuma, na kwa kuwa haoni, halipii vidole. Kazi ya mkono hubaki na bei pale tu mnunuzi anapoweza kuiona na kumtaja mwenye mkono. Pambo ni mojawapo ya vitu vichache vilivyobaki katika nchi hii ambavyo mkono unaonekana juu yake, kwenye kila mshono na kila kauri iliyokaa upande kidogo. Kuliuza bila jina ni kulipeleka mahali ambapo chai imefikishwa na mashine, tena kwa hiari. Na katika mabishano ya ardhi, jamii inayoweza kuonyesha pambo, likiwa na maelezo ya nani alilivaa, lini na kwenye mabwaita ya boma lipi, imeshika ushahidi wa makazi ambao ramani za mashamba hazikuuchora.

Vitabu vipo. Hollis aliandika juu ya Wanandi mwaka 1909, na Peristiany juu ya Wakipsigis mwaka 1939, wote kwa Kiingereza na kwa wasomaji wa kwao. Daftari ninalolitaka liandikwe kwa Kikipsigis na Kiswahili, likae mahali ambapo muuzaji wa Silibwet au Kapkatet anaweza kulifungua kwa simu yake mteja akiwa amesimama mbele yake. Mipango ya maendeleo ya kaunti inayotumika sasa inaishia mwaka 2027, na kabla ya hapo mipya itajadiliwa katika mikutano ya wananchi, wadi kwa wadi, kila mtu akiomba barabara yake. Mama mmoja wa shanga akinyanyua mkono katika mkutano wa aina hiyo na kuomba mstari mmoja wa bajeti, karani atamuuliza aandike nini. Amwambie aandike segutiet, kisha ajaze jina la anayejua kuifunga, kijiji chake na tarehe.